Gwenllian Binti Llywelyn

Mara ya kwanza nilipolikuta jina hili lilikuwa limechapwa juu ya jalada la mgonjwa, na kazi yangu asubuhi hiyo ilikuwa kulisoma kwa sauti mbele ya watu kumi na kitu waliokuwa wameketi wakisubiri zamu. Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nianze uuguzi katika kliniki moja ya kaskazini mwa Wales, na kwa muda huo nilikuwa nimeshawazoea kina Megan na kina Siân, lakini hili lilinisimamisha: Gwenllian. Nikalisoma kama tunavyosoma sisi, herufi kwa herufi, Gwe-ni-li-ani, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Hakuna aliyeinuka. Nikarudia, safari hii nikiikaza ile L kidogo, ndipo bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha akachukua mkoba na fimbo yake, akainuka taratibu na kusema, "Nadhani ni mimi."

Hakukasirika. Tulipokuwa ndani namfunga kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, aliniambia kwamba katika Kiwelisi L mbili si herufi mbili bali ni herufi moja, ina nafasi yake katika alfabeti, na wala si L. Akanifundisha: weka ncha ya ulimi mahali unapoiweka ukitaka kutamka L, halafu usiitamke, pumua tu, hewa itoke kandokando ya ulimi. Nilifanya hivyo nikajikuta nacheka, kwa sababu sauti ile niliwahi kufundishwa miaka mingi kabla, nikiwa mbali kabisa na pale.

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini shule ya bweni nilisoma na wasichana wa pande za Mbulu na Karatu, Wairaqw, ambao wengi wetu tulizoea kuwaita Wambulu. Ng'ombe kwao ni neno fupi linaloandikwa "slee", na sisi wa pwani tulilitamka "sile" au "shile", wao wakianguka kwa kicheko, kwa kuwa hiyo "sl" haina S wala L ndani yake. Ni pumzi inayopita kandokando ya ulimi, ile ile ya bibi yule. Wazulu wa Afrika Kusini nao wanayo, wakiiandika "hl". Kwa hiyo jina ambalo Waingereza wengi wanashindwa nalo, wakiishia kusema "Gwenlian" au wakiliegemeza kwenye "thl", msichana wa Mbulu angelitamka mara ya kwanza tu bila kufundishwa na mtu.

Nilipotoka kazini siku hiyo nilianza kulifuatilia, na naona sijamaliza mpaka leo.

Maana yake nusu ni wazi na nusu ina mabishano. "Gwen" ni umbo la kike la "gwyn", neno ambalo Wawelisi hulitumia kwa weupe, kwa uzuri na kwa baraka, karibu kama sisi tunavyoweza kusema mtu ana moyo mweupe bila mtu kudhani tunazungumzia rangi. Nusu ya pili ndiyo inayogombaniwa. Wapo wanaoihusisha na "lliain", yaani kitani, na wapo wanaoisikia "lliant" ndani yake, yaani mkondo wa maji. Mimi nakaa upande wa kitani, na sababu yangu si ya kitaalamu: nywele za bibi yule zilikuwa na rangi ya uzi wa kitani uliooshwa mara nyingi.

Kilichonivutia zaidi ni kinachofuata jina. Katika Wales ya zamani watu hawakuwa na majina ya ukoo. Mwanamume alikuwa fulani "ap" fulani, na mwanamke alikuwa fulani "ferch" fulani, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa hiyo ni bin na binti. Gwenllian ferch Gruffydd ni Gwenllian binti Gruffydd, basi. Baadaye, taratibu za Kiingereza zilipowalazimu kuwa na majina ya ukoo, "ap" iliganda mbele ya majina ya akina baba na kubaki humo mpaka leo: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell. "Ferch" haikuganda popote. Kila ninapokutana na mtu anayeitwa Powell huwa namwona yule "ap" amejibanza mlangoni, na huwa najiuliza mabinti walipelekwa wapi. Siku hizi wapo wanawake wa Wales wanaoirudisha "ferch" kwa hiari yao.

Historia inawakumbuka kina Gwenllian wengi, lakini wawili ndio wanaolibeba jina, na hawakufanana kwa lolote.

Wa kwanza ni Gwenllian binti Gruffydd. Baba yake, Gruffydd ap Cynan, alikuwa mfalme wa Gwynedd huko kaskazini, na yeye aliolewa kusini na Gruffydd ap Rhys, mtawala wa Deheubarth, ambaye sehemu kubwa ya nchi yake ilikuwa imeshaangukia mikononi mwa Wanormani, wale waliotoka Ufaransa na kuitawala Uingereza. Mfalme Henry I wa Uingereza alipofariki Desemba 1135, wagombea kiti chake wakaanza kushikana mashati, na Wawelisi wakaona mlango umefunguka. Mwanzoni mwa 1136 mumewe alikwenda kaskazini kwa wakwe zake kuomba msaada. Akiwa hayupo, Wanormani wa Kidwelly, chini ya bwana wao Maurice de Londres, walikuwa tishio lililo karibu, naye Gwenllian hakusubiri mume arudi wala kaka zake wafike. Alikusanya watu na kuwaongoza yeye mwenyewe, akiwa na wanawe wawili, Morgan na Maelgwn. Alishindwa. Morgan aliuawa, Maelgwn akatekwa, na mama yao akauawa. Mapokeo yanasema alikatwa kichwa palepale uwanjani. Uwanja huo, kaskazini ya ngome ya Kidwelly, unaitwa mpaka leo Maes Gwenllian, Uwanja wa Gwenllian.

Habari hizi tunazo kwa sababu ya padri mmoja aliyejulikana kama Gerald wa Wales, aliyezunguka nchi hiyo mwaka 1188 akahubiri vita vya msalaba na kuandika kila alichokiona na kukisikia. Yeye ndiye aliyemfananisha Gwenllian na Penthesilea, malkia wa Waamazoni, wanawake wapiganaji katika hadithi za Wagiriki. Watu huinukuu sifa hiyo kana kwamba imetoka kwa msomi aliyekaa mbali na mambo. Lakini bibi mzaa mama wa Gerald alikuwa Nest, dada wa Gruffydd ap Rhys. Maana yake Gwenllian alikuwa wifi wa bibi yake, na alichoandika Gerald ni hadithi ya ukoo. Simaanishi kwamba ni uongo. Namaanisha kwamba ukiisoma huku ukijua hivyo unaisikia kwa sauti nyingine, sauti ya watu wanaosimulia habari za mke wa mjomba aliyekufa miaka hamsini iliyopita, na kila anayesimulia anamwongezea kimo kidogo.

Kaka zake, Owain na Cadwaladr, walishuka kusini mwaka uleule, na mwezi Oktoba Wanormani wakapigwa vibaya mno huko Crug Mawr karibu na Cardigan. Mtoto wake mdogo, Rhys, ambaye alikuwa na umri wa miaka minne hivi mama alipouawa, alikuja kuirudisha sehemu kubwa ya nchi ya baba yake, na Krismasi ya 1176 aliandaa mashindano makubwa ya washairi na wanamuziki katika ngome ya Cardigan, yanayohesabiwa kuwa chimbuko la eisteddfod, tamasha ambalo Wawelisi wanaendelea kulifanya kila mwaka. Hadithi ya aina hii inajisimulia yenyewe. Ina upanga, ina kisasi, ina yatima aliyekuja kukaa kwenye kiti cha baba yake.

Wa pili hana chochote cha kusimulia, na ndiye ninayemfikiria mara nyingi zaidi.

Gwenllian binti Llywelyn alizaliwa Juni 1282 huko Abergwyngregyn, kijiji kilicho kati ya milima na bahari, ng'ambo ya kisiwa cha Môn. Kwa wale ambao bado wanayakumbuka maneno yetu ya ukoo, alikuwa kilembwekeza wa yule Owain, kaka wa Gwenllian wa kwanza. Baba yake, Llywelyn ap Gruffudd, alikuwa ametambuliwa na Waingereza wenyewe kuwa Mwanamfalme wa Wales kwa mkataba wa Montgomery wa 1267. Mama yake, Eleanor de Montfort, alikuwa mjukuu wa Mfalme John wa Uingereza, yaani binamu wa damu wa Edward I, na huyo Edward ndiye aliyekuja kuwamaliza. Eleanor alipokuwa njiani baharini kwenda kwa mume, Edward alimkamata na kumzuia karibu miaka mitatu. Kisha alipomwachia, akaisimamia harusi yenyewe huko Worcester, Oktoba 1278, mkono mmoja ukiwa umeshika ufunguo na mwingine ukimwaga mchele.

Eleanor alifariki tarehe 19 Juni 1282, kwa uzazi uliomleta Gwenllian. Vita vilikuwa vimeshaanza tena miezi mitatu kabla. Tarehe 11 Desemba Llywelyn aliuawa karibu na Cilmeri, kichwa chake kikapelekwa London kuonyeshwa kwa watu. Mdogo wake, Dafydd, alikamatwa mwaka uliofuata na kuuawa kikatili huko Shrewsbury mwezi Oktoba. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne, na kufikia hapo hapakuwa na mtu mzima aliyebaki wa kumsemea.

Novemba 1283 Edward aliwaandikia wakuu wa nyumba mojawapo ya watawa wa shirika la Mtakatifu Gilbert, akiomba mtoto wa Llywelyn au wa Dafydd apokewe humo. Alisema anamwonea huruma kwa jinsia yake na umri wake, ili asiye na hatia asionekane kulipia uovu wa waovu. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi na kila mara nasimama kwenye neno "asionekane". Gwenllian alipelekwa Sempringham, katika tambarare za Lincolnshire, upande wa pili wa nchi, na binamu zake wa kike, mabinti wa Dafydd, wakaingizwa katika nyumba nyingine za shirika lilelile. Binamu wa kiume walipelekwa ngome ya Bristol. Mmoja wao, Owain, mwaka 1305, akiwa mtu mzima, mfalme aliagiza kwamba usiku afungiwe ndani ya tundu la mbao lililokazwa kwa vyuma. Kwa kulinganisha na hilo, utawa ulikuwa ni fadhila.

Swali ninalojiuliza ni hili: kwa nini kuhangaika na mtoto mchanga wa kike? Ukienda na sheria za Wales, Gwenllian hakuwa hatari kwa mtu yeyote, kwa sababu sheria zile kwa kawaida hazikumpa binti urithi wa ardhi ya baba yake. Sheria za Waingereza ndizo zilizomruhusu binti kurithi pale asipokuwepo kaka, na kumpitishia mumewe na wanawe haki hiyo. Kwa maoni yangu, basi, Gwenllian alifungwa kwa sheria ya waliomfunga na si kwa sheria ya kwao. Alichokiogopa Edward kilikuwa tumbo lake, mvulana ambaye siku moja angeweza kutoka humo, na njia rahisi kuliko zote ya kuzuia mvulana huyo asizaliwe, bila kumwaga damu ya mtoto wa binamu yake, ilikuwa kumvika ushungi wa utawa kabla hajajua kutembea vizuri. Mwaka 1289 alituma mtu akaangalie hali na ulinzi wa mabinti hao. Gwenllian alikuwa na umri wa miaka saba.

Sisi watu wa pwani neno "kutawa" tunalijua kwa namna mbili, ya wale waliojitoa kwa Mungu na ya wale wanawake wa zamani waliokaa ndani wasionekane na macho ya nje. Yeye alitawa kwa maana zote mbili, na hakuna iliyokuwa ya hiari yake. Mwaka 1301 Edward alimpa mwanawe mwenyewe cheo cha Mwanamfalme wa Wales, cheo cha baba wa msichana aliyekuwa bado hai, wa miaka kumi na minane. Baadaye Edward III alimwekea posho ya pauni 20 kwa mwaka. Alifariki Sempringham tarehe 7 Juni 1337, akiwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka 55.

Katika maandishi ya enzi hizo jina lake limeandikwa "Wentliane", na penginepo "Wencilian". Nilipoyaona maumbo hayo nilimkumbuka bibi wa klinikini. Ukiyatazama vizuri si makosa ya uzembe. Mwandishi aliyeandika "tl" alisikia kitu ambacho alfabeti yake haikuwa nacho, akajitahidi kukikamata kwa herufi alizokuwa nazo, kama sisi tulivyojitahidi na "slee". Hakuna mtu pale aliyekuwa na Kiwelisi cha kumfundisha. Lakini ili mwandishi ajaribu kuandika pumzi ile ni lazima kuna mtu aliyeitoa. Labda ilikuwa ni wale watumishi waliomleta. Labda, na hapa najiruhusu kukisia, ni yeye mwenyewe, ambaye katika vitu vyote alivyozaliwa navyo alibakiwa na sauti hiyo moja na akakataa kuilainisha.

Nilikwenda Sempringham mwezi Machi, siku yangu ya mapumziko ikiwa imeangukia Jumamosi. Makao ya watawa hayapo tena. Henry VIII aliyafunga mwaka 1538 pamoja na mengine ya shirika hilo, na mawe yakachukuliwa. Kilichobaki ni kanisa la Mtakatifu Andrea, limesimama peke yake katikati ya mashamba, unalifikia kwa njia ya shambani iliyojaa matope mepesi yanayoganda kwenye viatu mpaka mguu unakuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kulima mpunga. Kando ya njia hiyo kuna jiwe la ukumbusho lililoletwa kutoka Wales. La kwanza liliwekwa mwaka 1993, na hili la sasa likachukua nafasi yake mwaka 2001. Maandishi yako kwa Kiwelisi na Kiingereza. Mtu alikuwa ameacha maua ya narsisi, yale ya njano ambayo Wawelisi huyavaa siku ya Mtakatifu Daudi, yamefungwa kwa uzi wa sufu na yameanza kulegea shingo. Nilitazama pande zote nne. Palikuwa tambarare mpaka macho yanachoka, hakuna hata kichuguu. Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya milima ile, hata kama hakuikumbuka, naona hiyo nayo ilikuwa adhabu ya aina yake.

Wabebaji wa jina hili waliokuja baadaye nitawapita haraka, isipokuwa mmoja. Gwenllian Morgan wa mji wa Brecon, aliyezaliwa mwaka 1852, ndiye mwanamke wa kwanza kuwa meya katika Wales, mwaka 1910. Alikuwa pia mtafiti wa mambo ya kale, na kwa miaka mingi alikusanya nyaraka za maisha ya mshairi wa karne ya 17 wa pande zake, Henry Vaughan, akafariki mwaka 1939 kabla ya kuandika kitabu chenyewe, ambacho mtu mwingine alikuja kukiandika kutokana na makaratasi yake. Nimemtaja kwa sababu kina Gwenllian wanaokumbukwa ni wa damu ya kifalme, na jina linahitaji pia wa kukaa mezani na kuandika.

Kuhusu binti Llywelyn, Wawelisi walifanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Katika safu ya milima inayoitwa Carneddau, juu ya kijiji alichozaliwa, tangu zamani kulikuwa na Carnedd Llywelyn, kilele cha meta 1,064, na Carnedd Dafydd, meta 1,044, na pembeni yao Yr Elen, ambao wengi wanauhusisha na jina la mama yake. Baba, baba mdogo na mama, wote walikuwapo. Mwaka 2009, baada ya kampeni ya chama kinachomkumbuka, kilele cha meta 926 kilichoitwa Carnedd Uchaf kilipewa jina jipya, Carnedd Gwenllian, na ramani zikabadilishwa.

Niliupanda mwezi Julai na mwenzangu wa kazini, tukianzia Abergwyngregyn na kupita karibu na maporomoko ya maji yaliyo juu ya kijiji. Mimi si mtu wa milima, nililelewa mahali ambapo kupanda ni kupanda mnazi, na nilipumzika mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Juu huko kuna farasi wadogo wanaoishi porini, wenye manyoya mazito hata wakati wa kiangazi, nao walitutazama mara moja wakaendelea na majani yao. Kilele chenyewe si kikubwa: mawe ya kijivu yamechomoza kwenye nyasi, unayapanda kwa mikono dakika chache na umefika. Nyuma yetu tuliiona bahari na kisiwa cha Môn. Mbele kulikuwa na ukungu. Ulipopasuka kidogo mwenzangu alininyooshea kidole kuelekea kusini, nikaona mlima nikadhani ndio wa baba. Akatikisa kichwa. Ule ulikuwa Foel Grach, meta 976, uliosimama kati ya binti na baba yake. Carnedd Llywelyn uko nyuma yake, mwendo mwingine kama wa saa nzima kwa miguu yangu. Tulikuwa tumechelewa kutoka, na basi la mwisho tulilolitaka lilikuwa chini kabisa kule barabarani. Tukala mkate wetu, tukageuka.